KAZI YA INI NA NAMNA INAVYOPIMWA

Hotuba iliyosomwa katika baraza ya Jumuiya na kuchapwa humu kwa ombi la wanachama



Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tena katika siku hii ya ukumbusho, na nawashukuru ninyi mlioona yafaa mtu wa maabara asimame mbele yenu. Walionitangulia wamesema juu ya mwanzo wa Jumuiya yetu, juu ya madrasa na juu ya wale waliojitolea mali zao. Mimi nimeombwa niseme juu ya kiungo kimoja cha mwili, nacho ni ini, na namna ya kujua kama linafanya kazi yake ya kuondoa sumu. Huenda mtu akauliza, jambo hili lina uhusiano gani na ukumbusho wetu? Jibu lake limo katika daftari la Jumuiya.

Wengi wenu mnamkumbuka mzee wetu, marehemu, aliyekuwa akituandikia daftari hilo kwa miaka mingi. Sitamtaja kwa jina, kwa maana watu wake wamo humu barazani, nao wameniruhusu niseme kisa chake bila ya jina lake. Hati yake ilikuwa safi kama iliyopigwa chapa. Mtu huyu hakuonja kileo tangu alipozaliwa hata alipozikwa. Mwaka mmoja alianza kuchoka, nguo zikampwaya, akaenda mahali fulani akapimwa damu, akapewa cheti chenye namba mbili tu. Namba zote mbili zilikuwa ndani ya kiasi. Akarudi kwa furaha akatuambia, "Alhamdulillahi, ini langu zima." Na kwa kuwa uchovu haukumwacha, alinunua chupa za dawa iliyosifiwa kwamba huosha ini, akanywa asubuhi na jioni.

Haukupita muda mrefu, mweka hazina nami tulipokuwa tukikagua hesabu tuliona hati imegeuka. Herufi zilizokuwa zimenyooka zilipanda na kushuka, na michango mingine iliandikwa mara mbili. Tulidhani ni uzee. Tena, Mungu atusamehe, tulicheka. Haukuwa uzee ndugu zangu. Lilikuwa ini.

Basi naomba tufahamu kwanza ini hufanya kazi gani. Ini la mtu mzima lina uzito wa kadiri ya kilo 1.5, nalo limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Kila dakika hupitiwa na damu ipatayo kama lita moja na nusu, na robo tatu hivi ya damu hiyo hutoka matumboni kwa mshipa mmoja mkubwa. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya tunachokula, tunachokunywa na tunachomeza kuwa dawa hupita mbele ya ini kabla haijaenea mwilini. Ini ni mfano wa ofisi ya forodha mpakani. Mzigo husimama hapo, ukafunguliwa na kukaguliwa. Chenye faida huwekwa akiba au hupelekwa mbele. Chenye madhara hugeuzwa hali yake.

Nasema "hugeuzwa", wala sisemi "huchujwa", kwa sababu wengi hudhani kwamba ini ni kama chujio la chai, ambalo takataka hulijaa na baadaye likahitaji kuoshwa. Sivyo. Ini ni kiwanda, si chujio. Sumu nyingi haziyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo mwili hauwezi kuzitoa kwa wepesi. Ini huzibadili, kisha aghalabu huzifunga pamoja na kitu kingine, zikapata kuyeyuka na kutoka kwa njia ya mkojo au kwa njia ya nyongo. Chukueni mfano wa amonia, ambayo hutokea mwilini kila siku kutokana na vyakula kama nyama, samaki na maharage. Amonia ikizidi katika damu huuharibu ubongo. Mwaka 1932, katika mji wa Freiburg nchini Ujerumani, Hans Krebs na mwanafunzi wake Kurt Henseleit walieleza jinsi ini linavyoigeuza amonia kuwa urea, kitu kisicho na ukali, ambacho figo hukitoa katika mkojo. Kazi hiyo haina mapumziko, hata tukiwa usingizini.

Sasa tuje kwenye cheti cha mzee wetu. Kati ya mwaka 1954 na 1956 wataalamu waliokuwa New York, nao ni Arthur Karmen, Felix Wróblewski na John LaDue, walionyesha namna ya kupima katika damu ya binadamu vimeng'enya viwili ambavyo leo vyeti huviandika kwa herufi AST na ALT. Vimeng'enya ni vitu vinavyoendesha kazi ndani ya chembe za mwili. Mahali pake hivi viwili ni ndani ya chembe. Vikionekana kwa wingi katika damu, ni dalili kwamba chembe zimeumia na kuvuja. Kipimo hiki ni chema sana, na kila siku kinawasaidia waganga. Lakini kinaeleza jeraha, hakielezi kazi. Ni kama moshi unaoonekana juu ya nyumba. Moshi ukiwa mwingi, hapana budi kuna moto. Lakini moshi ukikoma, je, ni lazima moto umezimwa? Huenda nyumba imekwisha kuungua, wala hapana tena kuni za kuwaka. Ini lililopata makovu kwa miaka mingi, likasinyaa na kuwa gumu, laweza kutoa namba za AST na ALT zinazofanana na za mtu mzima wa afya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mzee wetu. Cheti hakikusema uongo. Sisi tulikiuliza swali moja tukalichukua jibu lake kuwa ni la swali jingine.

Vipo vipimo vinavyolikaribia swali lenyewe. Kwanza ni albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini peke yake. Ini likidhoofu, albumini hupungua, lakini hupungua polepole, kwa maana iliyokwisha kutengenezwa hudumu katika damu majuma kadhaa. Pili ni muda wa kuganda kwa damu, kwa kuwa vitu vingi vinavyoigandisha damu hutoka katika ini, na baadhi yake hudumu saa chache tu. Kwa hiyo ini likishindwa leo, muda huo hurefuka upesi. Tatu ni bilirubini, yaani ile rangi ya manjano itokanayo na chembe nyekundu za damu zilizochakaa. Ini ndilo huifunga na kuitoa katika nyongo, na lisipoweza, macho hugeuka manjano.

Mwaka 1964 Charles Child na Jeremiah Turcotte, waganga wa upasuaji nchini Marekani, walipanga daraja tatu za kupimia nguvu iliyobaki katika ini lenye makovu. Mwaka 1973 Pugh na wenzake wa London waliutengeneza upya mpango huo, na hata leo unatumika ulimwenguni. Mambo yake ni matano: bilirubini, albumini, muda wa kuganda kwa damu, maji yaliyojaa tumboni, na hali ya akili ya mgonjwa. Namba zile mbili za cheti cha mzee wetu hazimo kabisa katika hayo matano.

Hata hivyo, wataalamu walitamani kulipima ini likiwa kazini, kama vile tajiri ampimavyo fundi kwa kumpa kazi na kuitazama saa. Mlango wa jambo hili ulifunguka mwaka 1841, pale Alexander Ure, mganga wa London, alipoeleza kwamba mtu akila asidi ya benzoiki, mkojo wake hutoa kitu kingine kabisa, nacho ni asidi ya hipuriki. Kumbe mwili ulikuwa umekipokea kitu kigeni na kukifunga pamoja na kitu chake wenyewe. Mwaka 1933 Armand Quick wa Marekani alikifanya hicho kuwa kipimo cha ini. Mgonjwa alinyweshwa sodiamu benzoeti, kadiri ya gramu 6, na mkojo wake ukakusanywa kwa saa 4, wakatazama ini limefunga kiasi gani. Ini zima lilifunga kiasi kikubwa, na ini dhaifu lilifunga kidogo. Kabla ya hapo, mwaka 1925, Rosenthal na White walikuwa wametumia njia ya rangi: rangi iliyoitwa bromsulfaleini ilitiwa katika mshipa, na baada ya muda maalumu ikatazamwa imebaki kiasi gani katika damu. Rangi hiyo iliachwa baadaye kwa kuwa watu wachache ilipata kuwadhuru vibaya.

Siku hizi iko rangi ya kijani iitwayo indosianini. Hutiwa katika mshipa, na ini peke yake ndilo huiondoa na kuipeleka katika nyongo. Baada ya dakika 15, kwa mtu mwenye ini zima, kilichobaki katika damu huwa chini ya sehemu 10 katika mia. Waganga wa upasuaji wa Japani hukitegemea sana kipimo hiki kabla ya kukata sehemu ya ini lenye uvimbe, ili wajue kama sehemu itakayobaki itaweza kumhudumia mwenyewe. Kipo pia kipimo cha kafeini, ile iliyomo katika kahawa na chai: mtu hupewa kiasi kinachojulikana, kisha mate yake au damu yake hutazamwa inaondoka kwa mwendo gani. Na kipo kipimo cha pumzi. Mjini Berlin, waganga walitoa mwaka 2009 habari za dawa iitwayo methasetini, iliyotengenezwa kwa kaboni yenye uzito wa pekee isiyo na madhara. Ini likiivunja dawa hiyo, kaboni ile hutoka katika pumzi, na mashine huihesabu. Mgonjwa anapumua tu, nalo ini lake linasomwa.

Najua mtasema, vipimo hivyo viko mbali nasi. Ni kweli, vingi havipatikani ila katika hospitali kubwa za nchi chache, wala si kila mgonjwa anayevihitaji. Lakini kuna vipimo vingine visivyohitaji mashine, na hapa ndipo ninaporudi katika daftari.

Ini likishindwa kuondoa amonia na sumu nyingine zitokazo matumboni, ubongo hulewa pasipo kileo. Mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku. Huwa mkali bila sababu, au husahau alichokuwa akisema. Akiambiwa anyooshe mikono na kuinua viganja kama mtu anayezuia gari, viganja hupigapiga kama mabawa. Basi tangu zamani waganga humpa mgonjwa wa namna hii karatasi na kalamu, wakamwambia aandike jina lake kila siku, au achore nyota yenye pembe tano, au aunganishe kwa mstari namba kuanzia 1 mpaka 25 zilizotawanywa katika karatasi, huku wakitazama saa. Ikiwa hati inaharibika siku hata siku, ikiwa nyota haifungiki, sumu inapanda. Mambo haya humtokea pia mwenye kiharusi, mwenye sukari iliyoshuka na wengine, kwa hiyo si ya kumhukumu mtu nyumbani. Ni ya kumpeleka hospitali siku ileile.

Daftari letu, ndugu zangu, lilikuwa limeuandika ugonjwa huo juma baada ya juma, nasi tulilifunga tukalirudisha kabatini. Mzee wetu alifikishwa hospitali akiwa hawajui watoto wake. Waganga walimpa dawa ya maji iitwayo laktulozi, ambayo hulainisha choo na kupunguza amonia inayotoka matumboni, akili yake ikarudi kwa miezi kadhaa. Lakini ini lilikuwa limekwisha kuharibika, na Mwenyezi Mungu akamchukua.

Baada ya mazishi palizuka maneno. Walikuwapo waliosema, "Ugonjwa wa ini ni wa walevi, yumkini mzee alikunywa kwa siri." Maneno hayo yaliwaumiza watoto wake kuliko msiba wenyewe, nami nimesimama hapa ili niyakanushe hadharani. Kileo huharibu ini, hilo halina ubishi. Lakini katika Afrika yetu watu wengi huharibikiwa na ini kwa sababu ya virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo mtoto aweza kuvipata kwa mama yake siku ya kuzaliwa, akaishi navyo miaka 40 bila dalili. Mzee wetu alikutwa navyo. Aliyemsingizia ulevi alimdhulumu maiti.

Sababu nyingine ni sumukuvu, sumu ya kuvu inayoota katika karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Hapa Uganda, mwaka 1966 na 1967, watafiti walikusanya sampuli 480 za vyakula vilivyokuwa vimewekwa akiba, wakazipima, wakaona karibu sehemu 30 katika mia zina sumu hiyo. Kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliwapa ugonjwa watu 317, wakafa 125, wengi wao katika nchi ya Ukambani. Ajabu ya sumu hii ni kwamba ini, katika kujaribu kuigeuza, huifanya kuwa kali zaidi, nayo ikaliuma ini lenyewe na kuleta saratani. Na aliye na virusi vya B hatari yake huzidi maradufu. Haiondoki kwa kupikwa. Tena karanga zilizooza tusiwatupie kuku wala ng'ombe, kwa kuwa sumu hupita hata katika maziwa.

Na sasa niseme juu ya zile chupa za kuosha ini. Sina ugomvi na mtu anayeuza, wala sidharau miti ya Mungu, ambayo dawa nyingi za hospitali zimetokana nayo. Lakini muulizeni muuzaji swali moja: aliipima kazi ya ini kabla ya dawa yake na baada yake, kwa kipimo gani? Kama ini si chujio, chupa ile inaosha nini? Kila kinachomezwa ni mzigo mwingine unaofikishwa kwenye forodha ileile, na ipo mitishamba ambayo imepata kuliua ini lililokuwa zima. Hata parasetamoli, dawa njema inayouzwa madukani, ikipita kiasi huliteketeza ini. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mgonjwa wa ini amwulize mganga kiasi chake, kwa sababu chake ni kidogo zaidi.

Yafaa pia niguse jambo la saumu, kwa kuwa wagonjwa wetu huona haya kuuliza. Ini lenye makovu haliwezi kuweka akiba ya chakula. Mgonjwa wa namna hiyo akikaa usiku mmoja bila kula, mwili wake huanza kula misuli yake kama mtu mzima aliyeshinda na njaa siku mbili au tatu. Ndiyo maana waganga humwambia ale kidogo kabla ya kulala. Mgonjwa amepewa ruhusa katika dini yetu, na mashekhe waliopo hapa ni mashahidi. Basi naamwulize mganga wake na shekhe wake kabla mwezi haujaandama, wala asijitwike kwa haya mzigo ambao hakutwikwa.

Kwa kumaliza, nawaomba mambo manne. La kwanza, atakayepewa cheti cha ini na aulize: "Hizi ni namba za jeraha, au ni namba za kazi?" La pili, kila mmoja apimwe virusi vya homa ya ini aina ya B mara moja. Asiye navyo achanjwe, na aliye navyo afuatwe na mganga, kwa sababu dawa za kuvizuia zipo. La tatu, watoto wetu wasikose chanjo, na inapopatikana ya siku ya kuzaliwa wapewe kabla ya saa 24 kupita. La nne, tukaushe vizuri karanga na mahindi yetu, tuyaweke juu ya chanja mbali na udongo, na chenye kuvu kisiliwe.

Watoto wa mzee wetu walipimwa wote baada ya msiba. Mmoja alikutwa na virusi vile, naye anameza kidonge kimoja kila siku, ini lake lingali na nguvu, na anafanya kazi zake. Ndiye anayetuandikia daftari hivi sasa. Nami, kila tunapokagua hesabu, huitazama hati kabla ya kuzitazama tarakimu.

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na wote waliotutangulia, awaponye wagonjwa wetu, na atuwezeshe kuitunza amana ya miili aliyotupa. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.